Kuku wa Kiapo

Habari ya kufa kwa Nyange niliipata mchana, nikiwa uwanjani napepeta mtama, na neno la kwanza nililolitamka halikuwa la dua. Nilimuuliza aliyeileta, "Nani kakutuma kwangu?" Alikuwa binti yake Nyange mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, ameshuka mlima kutoka Mpale, akapanda basi pale Mombo mpaka hapa Korogwe, miguu imejaa vumbi, na mimi namhoji kama karani wa mahakama. Ndivyo nilivyo. Chai ya jirani nainusa kabla ya kuinywa. Bwana mifugo akija na baiskeli yake kuwachoma kuku wangu sindano, namwambia aanze na yule jogoo mzee, kisha arudi baada ya siku tatu, nimtazame kwanza. Watu wananicheka, nami nawaacha wacheke. Yule binti alinijibu kwa upole kwamba mama yake alimwagiza: nikifa, nenda kamwambie Mwanaidi wa Korogwe. Hakuachiwa neno jingine. Hapo ndipo nilipolia. Nikampikia, akala, akalala, na asubuhi alipoondoka nilibaki mkekani peke yangu nikiukumbuka mwaka mmoja wa enzi za Mjerumani, mwaka wangu wa kwanza katika nyumba ya watu, ambao sijapata kumsimulia mtu hadi mwisho wake.

Nililetwa Korogwe kutoka upande wa Handeni nikiwa mke wa pili wa Mbwana. Gari moshi lilikuwa limekwisha kufika Mombo, na kila lilipopita mama mkwe alisimamisha mazungumzo, akasikiliza mpaka lipotee, kana kwamba lilikuwa limekuja kumwibia kitu. Nyumba yetu ilikuwa bondeni, karibu na mto Ruvu, nyumba ya udongo na makuti yenye vyumba vitatu. Cha mbele alilala mama mkwe ili ajue nani anaingia na nani anatoka. Cha kati kilikuwa cha Nyange, mke mkubwa, Mshambaa wa Mpale, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Cha nyuma kilikuwa changu, na ukuta wake ulipakana na jiko, kwa hiyo kila lililosemwa jikoni nililisikia, hata lile lililosemwa kwa kunong'ona. Nyange alikuwa na miaka mitano katika nyumba ile na alikuwa bado hajapata mtoto; yule binti alikuja kuzaliwa baadaye. Mimi nilikuwa na miezi miwili na tayari nilikuwa nikimwogopa. Hakunifanyia ubaya wowote, nao ukimya wake ndio ulionitia wasiwasi. Akinipa maji ya kunawa, najiuliza kwa nini kanipa yeye. Asiponipa, najiuliza kwa nini kaninyima. Siku kuku alipochinjwa, mama mkwe ndiye aliyegawa nyama: firigisi ya mwanawe, mgongo wa Nyange, shingo yangu, na sote tulitazama mabakuli ya wenzetu kabla ya kutazama yetu. Wiki moja nilipewa paja, na Nyange akapewa shingo. Alikula akamaliza, akalamba vidole, wala hakuinua macho. Mimi lile paja halikushuka vizuri.

Kuku katika nyumba ile hawakuwa kitoweo tu. Akida, mkuu wa eneo letu aliyewekwa na Mjerumani, alikuwa amemwambia Mbwana kwamba maadamu nyumba yetu inapeleka kuku wanne na kapu la mayai kila mwezi kwenye nyumba ya wageni ya serikali, ile waliyofikia Wazungu waliosafiri na gari moshi, yeye hatapangwa kwenye safu ya wanaume wanaopelekwa kukata mkonge. Tuliwajua waliopelekwa. Jirani yetu mmoja alirudi na mikono isiyoweza kukunja kidole, na mwingine hakurudi. Mpishi wa nyumba ile, mtu wa Tanga mwenye kofia safi, alikuwa akitumbukiza mayai yetu ndani ya karai la maji, moja moja, mbele ya macho yetu. Lililozama alilitia kapuni. Lililoelea alilirudisha, na mama mkwe alilibeba mpaka nyumbani, akalipasua nyuma ya choo, akaniita nije nilinuse. "Viza," alisema. "Wanataka mwanangu akatwe na mkonge kwa ajili ya yai viza." Hakusema ni akina nani wanaotaka.

Nyange alikuwa akiwalea kuku wale kwa namna ya kwao milimani, kila koo na vifaranga wake katika tenga lake, na punje kidogo kidogo. Hawakuwa wengi, lakini hawakufa. Mama mkwe akaona ni wachache, na siku moja aliniuliza kama kwetu Handeni tunajua kufuga. Nilijivuna. Kwetu nyika ni kavu na kuku ni wengi, na mtoto wa kike anafundishwa kutega mchwa kabla hajafundishwa kusonga ugali. Unachukua chungu kibovu, unakijaza mavi makavu ya ng'ombe na magunzi ya mahindi, unanyunyiza maji, kisha unatoboa kichuguu na kukifunika palepale kifudifudi. Kesho yake, kabla jua halijawa kali, unakiinua na kukuta kimejaa mchwa weupe wanene, unakwenda kuwakung'uta mbele ya vifaranga. Hakuna pumba wala chenga inayomnenepesha kifaranga namna ile. Nilitega vyungu sita. Mbwana, kwa furaha yake, alinijengea banda moja kubwa chini, la fito na udongo, tukawatoa kuku wote katika matenga, tukawaweka pamoja. Muda si mrefu vifaranga walikuwa wameota manyoya, makoo wakataga kwa wingi, na mpishi wa Tanga akatumbukiza kapu zima bila yai hata moja kuelea. Mama mkwe alianza kuniita mwanangu. Nyange alisimama mlangoni pa banda, akatazama sakafu, akasema, "Mdogo wangu, hapa si Handeni. Mvua ikija patalowa." Nikamwambia, "Asante, dada." Moyoni nikasema, wivu huo.

Masika ikaja. Mto ulipanda mpaka kwenye migomba, na ndani ya banda sakafu ikawa tope la kinyesi na magunzi, nami niliendelea kuwamwagia mchwa wangu papo hapo chini, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kwetu, ambako ukimwaga kitu chini kinabaki kikavu. Kifaranga wa kwanza nilimkuta amesinzia mchana, mabawa yameanguka, kinyesi chake kina damu. Kesho yake walikuwa wanne, na wiki ile sikuwahesabu tena. Kisha makoo nao wakaanza kujikunyata pembeni. Kuku wanne wa mwezi ule tuliwapata kwa kuwaazima kwa ndugu, na akida, aliyekuja na askari mmoja, aliwashika mmoja mmoja kifuani, akasema wamekonda, akamtazama Mbwana kuanzia mabegani hadi mikononi. Alasiri ile mvua ilikuwa ikinyesha, nami nilikuwa chumbani kwangu nikimsikia mama mkwe jikoni akisema na mwanawe. "Kuku hawafi bure, baba. Kuna mkono. Alipokuwa Nyange hawakufa, kaja huyu wa Handeni wanakufa. Mkono wake ni mzito." Mbwana akasema, "Mama, si wewe uliyemsifu?" Akajibu, "Nilimsifu kabla sijamjua. Mwezi ujao wakifa tena, namrudisha kwao, na huko waelezwe sababu." Nilikaa kitandani, mikono mapajani, nikaitazama ile mikono. Kurudishwa kwetu kwa sababu ile maana yake ni kwamba hapatakuwa na mwanamume tena atakayekula chakula nilichopika. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa chochote.

Tangu saa ile nikaanza kumvizia Nyange. Kama mkono si wangu, ni wa mtu mwingine, na katika nyumba ile mtu mwingine alikuwa mmoja tu. Nilihesabu hatua zake kwenda choo. Nilinusa sufuria aliyopikia. Alfajiri ya tatu nilitoka kwenda kwenye vyungu vyangu, nikamkuta ameinama ndani ya banda, kibuyu mkononi, akinyunyiza unga wa kijivu sakafuni huku midomo ikicheza. Nilirudi nyuma, nikapiga kelele ambazo hata mimi mwenyewe zilinishangaza. Mama mkwe akatoka na kanga moja, Mbwana akatoka na panga. Nyange alisimama wima, akasema, "Ni majivu. Majivu ya jikoni na tumbaku iliyopondwa. Tope likauke na utitiri ufe. Kwetu ndivyo tunavyofanya." Mama mkwe akatia kidole ndani ya kibuyu, akanusa, akapiga chafya. "Na midomo ilikuwa ikisema nini?" Nyange akasema alikuwa akihesabu kuku waliobaki. Nikadakia, "Kama ni dawa nzuri, mbona aje kwa kunyata? Mbona asiniambie mimi mwenye banda?" Akanigeukia. "Nilikuambia, Mwanaidi. Uliniambia asante." Hakuna aliyemsikia, kwa sababu mama mkwe alikuwa amekwisha kuanza kulia.

Ng'ambo ya mto alikuwepo mzee mmoja aliyelisha kiapo. Serikali ilikuwa imekataza kuwanywesha watu dawa hiyo ya kumpima mchawi, kwa hiyo yeye alimnywesha kuku badala ya mtu. Kuku anatolewa katika banda la nyumba yenye shauri, anakamatwa na mtu mwingine asiye mshtakiwa, kisha mshtakiwa anamshika kifuani na kusema maneno yake. Kuku akitapika na kusimama, mtu huyo ni safi. Akianguka akafa, basi. Mama mkwe alimwita, naye mzee akaja asubuhi, jua limetoka, akaketi uwanjani akaponda magome yake kwa jiwe dogo bila haraka. Mama mkwe aliketi ubavuni mwa Nyange, amemkamata mkono wa kushoto asije akainuka. Mzee akasema, "Mtu akalete kuku. Yeyote." Mbwana akaangalia chini. Nikainuka mimi.

Ndani ya banda walikuwa wamebaki tisa. Nakumbuka harufu, na nakumbuka nuru iliyopenya kwenye fito. Karibu na mlango alikuwepo koo mwenye madoadoa, mzima, mwenye macho makali, aliyekuwa ameshinda asubuhi akichakura na gole lake, kile kifuko cha shingoni kinachotunza punje, limejaa mpaka limekaa upande. Huyo niliponyosha mkono akaruka. Pembeni alisimama mwingine wa kahawia, manyoya yamevimba, macho nusu yamefumba, ambaye tangu jana nilijua hajala kitu. Huyo hakuruka. Nilijiambia nimemchukua kwa sababu hakukimbia. Nimejiambia hivyo miaka mingi, na kila nikijiambia namkumbuka yule wa madoadoa, kwamba nilimnyoshea mkono mara moja tu, tena taratibu, kama mtu anayetaka kumkosa. Nilimbeba yule wa kahawia chini ya kwapa, kichwa kimefichwa kwa kanga yangu, nikamtoa nje. Alikuwa mwepesi mno. Nikamweka mikononi mwa Nyange.

Nyange alimpokea, na nikaona kidole gumba chake kinapita shingoni mwa yule kuku, kikasimama hapo kidogo. Akaninyanyulia macho. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Kama ni mimi niliyewaua kuku wa nyumba hii, anguka. Kama si mimi, tapika usimame." Mzee akamfungua kuku mdomo, akamimina. Hapakuwa na cha kutapika. Kuku alitetemeka, akapiga bawa moja, akalala. Haikuchukua hata muda wa kumenya ndizi. Mama mkwe akauachia mkono wa Nyange kama umemchoma. Mbwana alitamka talaka akiwa ameelekea ukutani, na kabla ya adhuhuri Nyange alikuwa amefunga mzigo wake, mkeka, chungu na kibuyu, akashika njia ya kwao peke yake. Nilijihisi mwepesi, siwezi kuficha. Usiku ule nililala vizuri.

Lakini kuku waliendelea kufa. Mchawi alikuwa ameondoka na vifaranga walikuwa wakisinzia vilevile, wakinya damu vilevile, na sasa sikuwa na mtu wa kumtazama. Nilianza kumshuku mama mkwe, kwamba labda anataka mwanawe abaki wake peke yake. Nikamshuku jirani. Nikamshuku yule mpishi wa Tanga. Siku moja nilikwenda kumwaga majivu nyuma ya jiko, na pale kwenye lundo nikamkuta koo mmoja aliyekuwa ametoroka bandani siku nyingi, ambaye tulidhani kaliwa na kicheche. Ameangulia palepale, chini ya ukingo wa paa pasiponyeshewa, ana vifaranga wanane, wanane wote wazima, wanajigaragaza majivuni mpaka wamekuwa weupe. Nilichuchumaa pale na karai tupu. Sikuhitaji mtu wa kunifafanulia. Niliufahamu ule unga wa kijivu, nikalifahamu lile tope, na nikajua ni nani aliyekuwa akiwamwagia vifaranga chakula juu ya kinyesi chao kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe. Nililia bila sauti, kanga mdomoni.

Basi nikafanya kazi. Nilizoa tope lote la banda nikalimwaga shambani. Nilimwomba Mbwana ajenge kitundu kingine juu ya nguzo, cha fito zenye nafasi, kinyesi kidondoke chini. Nikarudisha matenga, kila koo na wanawe. Nikatandaza majivu na tumbaku. Mchwa sikuwaacha, maana ni chakula bora hata leo, ila niliwamwaga juu ya gome la mti nililolianika juani kila siku. Vifo vikakoma, na walioanguliwa baadaye wakakua. Mpishi wa Tanga akachukua kapu lote, na akida akapita nyumbani, akala, akamwambia Mbwana alale salama. Jioni ile mama mkwe aligawa nyama mbele ya majirani, akanipa paja, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Mmeona wenyewe? Kumtoa mchawi tu, kuku wamepona!" Wote wakaitikia. Mbwana alinitazama, nadhani alikuwa akisubiri niseme. Niliuma lile paja, nikatafuna.

Mwaka ulipokaribia kwisha niliaga kwamba nafuatana na wanawake wauza chumvi kwenda gulioni milimani, nikapanda mpaka Mpale. Nilimkuta Nyange nyumbani kwa kaka yake, katika chumba kidogo chenye moshi, akipika maharage na ndizi. Kuku wake walikuwa nje, juu ya nguzo, wamenona. "Karibu, mdogo wangu," alisema, kana kwamba tuliachana jana. Nilimwamkia, akaitikia. Nikamweleza yote: tope, lundo la majivu, wale vifaranga wanane. Nikamwambia arudi, nitasema mbele ya wote kwamba kosa la banda lilikuwa langu. Alinisikiliza akikoroga chungu. Halafu akauliza swali moja tu, bila kunitazama, "Yule kuku wa kahawia, ulimchagua wewe?"

Njia nzima ya mlima nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Kumbe lile la banda lilikuwa rahisi kulikiri, lilikuwa kosa la ujinga. Ulimi wangu ukajibu wenyewe. "Hapana, dada. Mama ndiye aliyekuja bandani akanionyesha."

Alitua chungu. Akapakua, akanisogezea bakuli langu, limejaa. "Haya," alisema. "Kula, usije ukateremka na njaa." Hakuzungumzia tena habari ya kurudi, nami sikuwa na uso wa kumwomba mara ya pili. Alinisindikiza hadi mwisho wa migomba, tukaagana kwa mikono. Nilikuwa nimeshuka nusu ya mlima, nasikia kilio cha gari moshi kule chini, nilipokumbuka mama mkwe alikuwa wapi nilipokwenda bandani. Alikuwa ameketi ubavuni mwa Nyange, amemshika mkono, na hakumwachia hata mara moja.